Kuupanga Mwanga: Mwongozo wa Kujifunza Vioo, Lenzi na Jicho Nyumbani Lamu

Anayetaka kuielewa elimu ya mwanga hana haja ya kungoja maabara. Nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, yenye kuta nene za matumbawe zilizopigwa lipu nyeupe ya chokaa, madirisha machache na vyumba vinavyozidi giza kadiri mtu anavyoingia ndani, inatosha kwa majaribio yote yaliyoelezwa hapa. Na asiye na nyumba ya namna hiyo, awe Shela, Malindi au kwingineko, anaweza kutumia chumba chochote chenye dirisha moja linalozibika. Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: katoni, selotepu, shuka nzito, kioo kidogo bapa, miwani ya kusomea ya namba +1.00 na nyingine ya +2.00, bakuli, mishumaa mitatu, rula, na utepe wa kupimia wa fundi cherehani.

Kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike kabla ya mengine, kwa sababu bila hilo sheria zote za vioo na lenzi hubaki maneno ya kukariri. Kila nukta ya kitu tunachokiona hurusha miale kila upande. Ukuta ulio mbele ya dirisha lililo wazi hupokea miale kutoka kila jani, kila tanga na kila wimbi, lakini huipokea yote kwa pamoja ikiwa imechanganyika, na mchanganyiko huo ndio tunaouona kuwa weupe mtupu wa ukuta. Ili taswira itokee, ni lazima miale iliyotoka nukta moja ya nje ifike mahali pamoja pa ukuta, na isichanganyike na ya nukta jirani. Tundu hufanya kazi hiyo kwa kuchuja, lenzi huifanya kwa kupinda, na jicho hufanya yote mawili.

Sharti la usalama halina mjadala. Usilitazame jua kwa jicho tupu, kupitia tundu, kupitia lenzi wala kwenye kioo, na usimwache mtoto afanye hivyo hata kwa sekunde chache. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu, kwa hiyo huungua bila mwenyewe kujua, na kovu lake halina dawa. Vilevile usiache miwani ya kusomea au kioo cha kukuzia kwenye dirisha linalopigwa na jua karibu na mikeka, karatasi au makuti.

Chumba cha giza

Chagua chumba cha ghorofani kinachotazama mkondo wa bahari kati ya Lamu na Manda, na ufanye jaribio hili alasiri, kuanzia saa tisa. Wakati una maana yake. Mji umeelekea mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huwa nyuma ya vyombo na ubavu unaoutazama huwa kivulini, ilhali alasiri jua huwa nyuma ya nyumba yako na huyamulika matanga, maji na mikoko ya Manda moja kwa moja. Tundu dogo hupitisha mwanga kidogo sana, na kitu kilicho kivulini hakitaonekana ukutani hata kidogo.

Ziba dirisha lote kwa katoni, pitisha selotepu kwenye kingo zake zote, kisha tundika shuka mlangoni, kwa maana ufa mmoja mwembamba unatosha kuharibu kazi nzima. Katikati ya katoni kata tundu la duara lenye upana wa sentimita 1. Lipe dirisha mgongo, tazama ukuta mweupe ulio mkabala, na usiwe na haraka; macho huhitaji kama dakika 10 kulizoea giza, na wengi hukata tamaa katika dakika ya tatu. Kwanza utaona mwangaza mkubwa upande wa chini wa ukuta, ambao ni anga. Juu yake utajitokeza ukanda wa kijani kibichi wa mikoko, na juu ya mikoko itakuwapo bahari, na vyombo vikining'inia humo milingoti ikielekea sakafuni. Rangi zitakuwa zilezile za nje, na kila kitu kitakuwa kinatembea. Chombo kinachokwenda Shela, yaani upande wa kusini, taswira yake itasogea ukutani kuelekea kaskazini.

Mambo haya yote yanatokana na ukweli mmoja kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwale unaotoka ncha ya mlingoti lazima ushuke ili uingie tunduni, na ukishaingia huendelea kushuka hadi ukutani; mwale unaotoka majini hupanda, na hivyo juu huwa chini na kusini huwa kaskazini. Ukubwa wa taswira nao hupatikana kwa hesabu ya uwiano. Mlingoti wenye urefu wa mita 10 ulio umbali wa mita 100 kutoka dirishani, kwenye ukuta ulio mita 4 kutoka tunduni, utachorwa kwa urefu wa sentimita 40, kwa kuwa 4 ni sehemu ya ishirini na tano ya 100. Pima taswira kwa utepe, na ukiujua urefu wa mlingoti utaweza kukadiria umbali wa chombo bila kutoka chumbani.

Sasa badilisha tundu. La sentimita 1 hutoa taswira yenye kingo zilizofifia, kwa sababu kila nukta ya nje huchora ukutani doa lenye upana wa tundu lenyewe, na madoa ya nukta jirani hupandana. Bandika juu yake kipande cha katoni chenye tundu la milimita 5: kingo zitakuwa kali zaidi, lakini mwanga utashuka hadi robo, kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa upana wake. Ukiendelea kupunguza utafika mahali ambapo hakuna faida tena. Katika tundu jembamba sana mwanga wenyewe huanza kutawanyika pembeni, na kwa ukuta ulio umbali wa mita 3 au 4 mpaka huo ni kama milimita 2 na nusu. Chini ya hapo taswira huzidi giza na pia hupoteza ukali. Tundu, kwa hiyo, lina umaskini wa asili: usafi wa taswira hulipiwa kwa mwanga.

Usiku, na hasa umeme unapokatika, fanya jaribio la pili katika chumba hichohicho. Simamisha mishumaa mitatu kwa mstari upande mmoja wa katoni yenye tundu, na upande wa pili weka karatasi nyeupe. Utaona madoa matatu ya mwanga. Funika mshumaa mmoja kwa mkono, na doa lake pekee litatoweka, lile la upande ulio kinyume, huku mengine mawili yakibaki kama yalivyokuwa. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 hivi na kufanya kazi yake kubwa Misri, alilieleza jaribio la taa na tundu kwa namna hii ili kuthibitisha kwamba miale ya taa mbalimbali hupita mahali pamoja bila kuvurugana. Mimi naliona kuwa miongoni mwa majaribio mazuri zaidi yaliyowahi kufanywa, kwa sababu halihitaji chochote isipokuwa moto, giza na subira, na hata hivyo linaondoa shaka yote.

Matundu ya namna hii yako pia nje. Mapengo kati ya majani ya mwarobaini au mkungu hutupa chini madoa ya mwanga, na mengi kati yake ni ya duara ijapokuwa mapengo yenyewe hayana umbo maalumu. Kila duara ni taswira ya jua. Upana wa jua ni kama sehemu ya 107 ya umbali wake kutoka kwetu, hivyo taswira yake kwenye karatasi iliyo mita 1 kutoka tunduni huwa na upana wa milimita 9 hivi. Tarehe 2 Agosti 2027 patatokea kupatwa kwa jua ambako huku kwetu kutaonekana kwa sehemu. Siku hiyo simama kwenye kivuli cha mti, tazama chini, na utaona kila duara limemegwa upande mmoja. Hiyo ndiyo njia salama ya kulifuatilia tukio pamoja na watoto.

Kioo

Kwa kioo tumia jua la asubuhi, linapoingia kupitia tundu la milimita 5 na kupiga sakafu. Ukitaka kuuona mwale wenyewe hewani, chomeza ubani au udi kwenye chetezo na uuache moshi utande. Mwale utajichora kuanzia dirishani hadi chini kwa mstari usiopinda hata chembe.

Laza kioo bapa sakafuni mahali mwale unapotua, nao utaruka hadi ukuta wa mkabala. Pima sasa vitu vinne kwa kufuata njia ya mwale: kimo cha tundu kutoka sakafuni, umbali wa sakafuni kutoka ukuta wa dirisha hadi kioo, umbali kutoka kioo hadi ukuta wa mkabala, na kimo cha doa kwenye ukuta huo. Ikiwa tundu liko sentimita 150 juu, kioo kiko sentimita 200 kutoka dirishani, na ukuta wa mbele uko sentimita 120 kutoka kioo, doa litakuwa sentimita 90 juu, kwa sababu 150 kwa 200 ni sawa na 90 kwa 120. Vipimo hivi hutokea takriban saa tatu asubuhi, na jua likipanda itabidi usogeze kioo na kupima upya, lakini uwiano hautabadilika. Maana yake ni kwamba mwale hutoka kiooni kwa pembe ileile ulioingia nayo.

Ondoa kioo na uweke karatasi nyeupe mahali pake. Karatasi nayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, na chumba chote huangaza kidogo, lakini doa la ukutani hutoweka. Uso wa karatasi, kama uso wa lipu ya chokaa, umejaa miinuko midogo isiyoonekana, na kila mwinuko huutii wajibu wa pembe sawa kwa kuelekea upande wake. Kioo kimeacha mpangilio wa miale ulivyokuwa, karatasi imeuvunja. Ndiyo sababu unajiona kwenye kioo na hujioni ukutani.

Jambo hili lina matumizi nyumbani. Chumba cha ndani chenye giza kinaweza kupata mwanga wa mchana kwa kioo kilichosimamishwa kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ua wa katikati penye jua, na kuelekezwa kwenye dari nyeupe ya chumba hicho. Dari itautawanya mwanga bila kumchoma mtu machoni. Unapokielekeza kumbuka kwamba kioo kikigeuzwa nyuzi 10, mwale hugeuka nyuzi 20, kwa hiyo sogeza kidogo kidogo.

Taswira ndani ya kioo bapa huonekana nyuma yake kwa umbali sawa na ule ulio kati yako na kioo, ingawa hakuna mwale uliopita huko. Ukiweka karatasi nyuma ya kioo hutapata kitu. Kutokana na hilo, anayetaka kujiona kuanzia utosini hadi nyayoni anahitaji kioo chenye nusu ya urefu wake tu. Mtu wa sentimita 160, ambaye macho yake yako sentimita 150 kutoka sakafuni, anunue kioo cha sentimita 80 na kukitundika makali ya chini yakiwa sentimita 75 kutoka chini na ya juu sentimita 155. Wengi hudhani kwamba wakirudi nyuma wataona zaidi. Hawataona zaidi, kwa kuwa mtu na taswira yake hurudi nyuma kwa kiasi kilekile.

Vioo vilivyopinda nitavipitia kwa haraka, maana kijiko kinaeleza mengi. Upande wa nyuma wa kijiko ni kioo mbinuko: hukuonyesha umesimama sawa na umekuwa mdogo, na huingiza eneo pana, na kwa sababu hiyo hutumika kama kioo cha pembeni cha tuktuk na magari, ambapo dereva lazima akumbuke kwamba gari la nyuma liko karibu kuliko linavyoonekana. Upande wa ndani ni kioo mbonyeo: ukiwa mbali nacho hukugeuza kichwa chini miguu juu, na kioo kikubwa cha namna hiyo, kile cha kunyolea, hukukuza ukikisogelea.

Lenzi

Rudi sasa alasiri kwenye chumba cha giza, na panua tundu hadi sentimita 3. Taswira ya ukutani itageuka ukungu usio na umbo. Shika mbele ya tundu lenzi moja ya miwani ya +1.00, na karatasi nyeupe mita 1 kutoka kwenye lenzi. Mikoko, maji na vyombo vitarudi papo hapo, vikiwa na kingo kali, na mng'ao utakaomshangaza yeyote aliyehangaika na tundu dogo. Eneo la tundu la sentimita 3 ni mara 36 ya lile la milimita 5, na mwanga wote huo sasa umekusanywa: miale mingi iliyotoka nukta moja, ambayo ingetua sehemu mbalimbali za karatasi, lenzi imeipinda hadi ikakutana. Mlingoti uleule wa mita 10 ulio mita 100 mbali utakuwa na urefu wa sentimita 10, na bado utakuwa kichwa chini.

Tofauti kubwa na tundu ni kwamba lenzi hudai umbali wake. Sogeza karatasi sentimita 20 mbele au nyuma na taswira itafifia. Umbali ambapo vitu vya mbali huchorwa kwa ukali huitwa urefu wa fokasi, na namba iliyoandikwa kwenye miwani ni 1 iliyogawanywa kwa urefu huo uliopimwa kwa mita. Kipimo hicho ni dayopta. Lenzi ya +1.00 ina fokasi ya mita 1, ya +2.00 ya nusu mita, ya +4.00 ya sentimita 25. Ukiokota miwani isiyo na namba, elekeza lenzi kwenye dirisha lililo mbali, tafuta taswira kwenye ukuta wa pili, pima umbali, na ugawanye.

Mpe mtu kazi ya kusimama mita 5 nje ya dirisha, kwenye baraza, na utafute taswira yake kwa lenzi ileile ya +1.00. Hutaipata kwenye mita 1; itabidi urudishe karatasi hadi mita 1 na sentimita 25. Kanuni yake ni hii: 1 gawanya kwa umbali wa kitu, jumlisha 1 gawanya kwa umbali wa taswira, jibu ni dayopta za lenzi. Hapa ni 0.2 jumlisha 0.8, jibu ni 1. Ijaribu pia usiku kwa mshumaa na lenzi ya +2.00. Mshumaa ukiwa sentimita 75 kutoka lenzi, taswira itatua sentimita 150 upande wa pili, ikiwa na urefu maradufu. Mshumaa ukiwa mita 1, taswira itakuwa mita 1 na ukubwa utakuwa sawa. Mshumaa ukisogezwa hadi ndani ya nusu mita, hakuna karatasi itakayopata taswira, lakini ukitazama kupitia lenzi utauona mshumaa umesimama wima na umekua, na hiyo ndiyo kazi ya kioo cha kukuzia.

Lenzi zilizoelezwa hadi hapa ni za mbinuko, zilizonenepa katikati. Miwani ya mtu asiyeona mbali ina lenzi mbonyeo, nyembamba katikati, nayo hutawanya miale badala ya kuikusanya. Ili kuzitofautisha bila kuzigusa unene, shika lenzi mbali kidogo na jicho, tazama mlango ulio mbali kupitia kwayo, kisha uisogeze taratibu kushoto na kulia. Mlango ukienda kinyume cha mkono, lenzi ni ya kujumlisha, yaani mbinuko. Ukifuata mkono, ni ya kutoa, yaani mbonyeo.

Sababu ya mwanga kupinda ni mwendo wake. Hewani mwanga hukaribia kilomita 300,000 kwa sekunde, majini hupungua hadi robo tatu ya hapo, na katika kioo cha kawaida hadi theluthi mbili. Mwale unaoingia kwa mshazari hubadili mwelekeo pale mwendo unapobadilika, na umbo la lenzi limekadiriwa ili kila sehemu ipinde miale kwa kiasi chake. Jaribio lake ni la zamani na halichoshi: weka sarafu ndani ya bakuli, rudi nyuma hadi ukingo uifiche, kisha mwambie mwenzio amimine maji polepole, na sarafu itapanda machoni pako. Mvuvi anayechoma samaki kwa mkuki kutoka kwenye dau anajua kuchoma chini ya pale anapomwona, hata kama hajawahi kusikia habari za kupinda kwa mwale. Anayetazama moja kwa moja chini huona kina kuwa robo tatu ya kilivyo, na kadiri anavyotazama kwa mshazari ndivyo kosa linavyozidi.

Jicho

Jicho ni chumba cha giza chenye kina cha milimita 24 hivi. Dirisha lake ni konea, sehemu angavu ya mbele. Tundu lake ni mboni, ambayo hupungua hadi milimita 2 juani na kupanuka hadi 7 au 8 gizani kwa vijana. Nyuma ya mboni iko lenzi, na ukuta wake ni retina. Nguvu yote ya jicho ni kama dayopta 60, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba theluthi mbili za nguvu hiyo ni za konea, si za lenzi. Unaweza kulithibitisha ukiogelea. Fungua macho chini ya maji na kila kitu kitakuwa ukungu, kwa sababu maji yanakaribiana sana na konea katika kupinda mwanga, na konea hupoteza karibu nguvu yake yote. Vaa miwani ya kuogelea, hewa ikarudi mbele ya konea, na utaona samaki kwa ukali, ingawa ataonekana yuko karibu kwa robo kuliko alivyo.

Ibn al-Haytham alifundisha kwamba kuona hutokea kwa mwanga kuingia jichoni kutoka kwenye vitu, akiwapinga waliosema kwamba jicho ndilo linalotoa miale. Johannes Kepler alieleza mwaka 1604 kwamba taswira huchorwa kwenye retina ikiwa kichwa chini, na René Descartes aliandika mwaka 1637 namna ya kuiona. Nawe unaweza, ukisaidiwa na mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Pata jicho bichi la ng'ombe kutoka buchani, la siku hiyohiyo, toa nyama na mafuta ya nyuma, kisha kwa wembe kata kidirisha kidogo kwenye tabaka za nyuma bila kumwaga ute wa ndani, na ukizibe kwa kipande cha ganda jeupe la yai. Liweke kwenye tundu la chumba cha giza, konea ikitazama nje, usilibinye, na tazama kwenye ganda: bahari na vyombo vitakuwapo, vidogo sana na vimepinduka. Nawa mikono kwa sabuni baadaye.

Kwenye karatasi, mtu aliyesimama umbali wa mita 5 alitulazimisha turudishe karatasi nyuma. Jicho haliwezi kurudisha retina, kwa hiyo hubadili lenzi: misuli inayoizunguka hukaza, lenzi ikanenepa na kuongeza nguvu. Kutoka kutazama Manda hadi kusoma kitabu kilicho sentimita 25, jicho huongeza dayopta 4. Mtoto wa miaka 10 huweza kuongeza zaidi ya 10, na ndiyo maana huweza kusoma akiwa ameuegemeza uso kwenye daftari. Lenzi hukakamaa mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka 40 mtu huanza kuuona mkono wake mfupi. Haya si maradhi wala si matokeo ya kusoma kwa taa hafifu. Hutokea kwa kila mmoja.

Pima nguvu iliyobaki namna hii. Valia miwani yako ya kuona mbali kama unayo, funika jicho moja, sogeza maandishi madogo karibu hadi yaanze kufifia, na mtu mwingine apime umbali kwa utepe. Ukipata sentimita 50, jicho linaongeza dayopta 2. Kusoma kwa raha kwenye sentimita 40 kunahitaji 2.50, na si vyema kutumia zaidi ya nusu ya uwezo wa misuli kwa muda mrefu, kwa hiyo jicho litoe 1 na miwani itoe +1.50. Hesabu hiyo itakusaidia kutonunua miwani yenye nguvu kupita kiasi, kosa ambalo huwalazimisha wazee wengi kukisogeza kitabu hadi karibu na pua. Lakini kipimo cha mtaalamu wa macho ndicho cha kutegemewa, kwani macho mawili ya mtu mmoja mara nyingi hutofautiana.

Kila jicho lina sehemu isiyoona, pale neva inapotoka kwenda ubongoni. Chora msalaba na, sentimita 8 upande wake wa kulia, doa jeusi. Funga jicho la kushoto, kaza macho kwenye msalaba kwa jicho la kulia, na usogeze karatasi polepole. Kwenye sentimita 30 hivi doa litatoweka, na ubongo utajaza pengo kwa weupe wa karatasi.

Kipimo cha mwisho ndicho chenye manufaa zaidi. Toboa katoni kwa sindano nene, tundu la milimita 1, na umwambie mtu anayeona ukungu atazame maandishi ya mbali kupitia tundu hilo, jicho moja moja. Tundu huchuja miale kama lilivyofanya ukutani, na kupunguza kosa la lenzi yoyote iliyo nyuma yake. Akiona vizuri zaidi, tatizo lake ni la kupinda mwanga: ama jicho ni refu na taswira hutua mbele ya retina, naye huhitaji lenzi ya kutoa, ama ni fupi, naye huhitaji ya kujumlisha, ama konea imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, naye huhitaji lenzi iliyokatwa kwa mwelekeo maalumu. Miwani itamtosha.

Asipoona vizuri zaidi, au akiona vibaya zaidi, apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja, kwa sababu kasoro iko kwenye retina, kwenye neva, au kwenye uangavu wa lenzi yenyewe. Mtoto wa jicho, ambao ni lenzi iliyopata ukungu, hutibiwa kwa kuitoa na kuweka ya plastiki. Harold Ridley alianza kuiweka mjini London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita vilikaa humo bila kulisumbua jicho. Nguvu ya lenzi hiyo huchaguliwa kabla ya upasuaji kwa kupima urefu wa jicho na mpindo wa konea. Lenzi ya kawaida ya namna hiyo haiwezi kunenepa, kwa hiyo mgonjwa aliyewekewa ya kuonea mbali atahitaji miwani ya kusomea, na kwa sentimita 40 namba yake itakuwa karibu na +2.50.